Desturi za Wamatengo na Wanyasa, na Taabu Zilizozizaa

Husemwa, "Mwacha mila ni mtumwa." Methali hii twaijua sote, na watoto wa shule huiandika kwa hati nzuri kabisa. Lakini ni nadra kumsikia mtu akiuliza: Je, mila hiyo yenyewe ilianzwa na nani, wakati gani, na kwa sababu gani? Twadhani ilikuwapo sikuzote, kama milima ilivyokuwapo. Kwa kudhani hivyo, wengine huishika pasipo kuifahamu. Na kwa kudhani vivyo hivyo, wengine huitupa kama nguo iliyochakaa. Katika mazungumzo haya twataka kuonyesha, kwa mfano wa watu wa Mbinga na wa pwani ya Ziwa Nyasa katika Mkoa wa Ruvuma, ya kuwa kila desturi ina mwanzo wake, na mara nyingi mama yake ni taabu.

Kwanza tuitazame nchi. Magharibi ya Songea ardhi huinuka ikawa milima mirefu yenye miteremko mikali, hewa ya baridi na vijito vingi. Hiyo ndiyo nchi ya Wamatengo, wakulima wa mahindi, maharage na kahawa. Kisha milima hushuka kwa ghafula mpaka ukingoni mwa Ziwa Nyasa, ziwa lenye urefu wapata kilometa 560, na kina chake mahali pengine hufika kama meta 700. Pwani hiyo, Lituhi, Liuli, Mbamba Bay na vijiji vilivyo katikati, ndiko wakaako Wanyasa na majirani zao Wampoto. Hao hula ugali wa muhogo kwa samaki: usipa, magege na mbasa. Mtu wa mlimani ana maharage, hana samaki. Mtu wa pwani ana samaki, na maharage yake ni haba. Basi tangu zamani usipa mkavu hupanda mlimani, na maharage hushuka ziwani, na pamoja na vikapu hupita habari, nyimbo, na hata wachumba. Nchi hizi mbili zilikuwa wilaya moja ya Mbinga mpaka mwaka 2012, ilipoundwa Wilaya ya Nyasa. Na leo barabara ya lami yashuka kutoka Mbinga mpaka Mbamba Bay.

Tuanze na watu wa mlimani. Mwaka 1835 Wangoni, waliotoka kusini kabisa mwa Afrika chini ya mfalme wao Zwangendaba, waliuvuka mto Zambezi. Zwangendaba alikufa katika nchi ya Ufipa karibu na mwaka 1848, ndipo watu wake wakagawanyika, na vikundi vingine vikaja kukaa katika nchi ya Songea. Wangoni walikuwa askari hodari, nao waliishi kwa kuteka ng'ombe, chakula na watu wa majirani zao. Wamatengo walipoona hawawezi kuwazuia bondeni, walikimbilia juu, katika magenge na mapango ya upande wa Litembo. Huko walipata salama, walakini waliikuta taabu ya pili. Watu wengi walikuwa wamejikusanya mahali padogo, na mahali penyewe palikuwa mteremko. Mtu akilima mteremko kama alimavyo tambarare, mvua ya mwaka wa kwanza huchukua udongo, na mvua ya mwaka wa pili huchukua shamba.

Katika shida hiyo ndipo ulipokua ule ulimaji uitwao ngolo, ambao wengine huutamka ngoro. Yafaa tuueleze vizuri, maana hata wataalamu wa nchi za ng'ambo wameusifu. Mvua za masika zikikaribia kwisha, wapata mwezi wa Machi, wanaume hufyeka majani marefu ya shamba lililopumzishwa, wakayaacha yakauke. Kisha huyapanga juu ya ardhi kwa mistari inayokatana, hata mteremko wote ukafanana na karatasi ya hesabu yenye miraba. Baada yao huja wanawake na majembe. Huchimba udongo katikati ya kila mraba, wakaufukia juu ya yale majani, na juu ya matuta hayo hupanda maharage. Kazi ikiisha, mlima mzima umejaa mashimo yaliyozungukwa na matuta, kama sega la nyuki. Mvua inyeshapo, maji hayapati njia ya kukimbia; kila shimo hushika sehemu yake, pamoja na udongo uliotaka kutoroka. Majani yaliyozikwa huoza yakawa mbolea. Maharage yakiisha kuvunwa, mvua za mwisho wa mwaka zikianza, hupandwa mahindi juu ya matuta yale yale.

Mwaka 1938 jarida lililoitwa Tanganyika Notes and Records lilichapisha makala ya Bwana A. H. Pike juu ya namna Wamatengo wanavyouhifadhi udongo wao. Lifikirini jambo hili. Katika siku hizo serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwahimiza watu wa milima mingi ya Tanganyika kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, na mara nyingi watu walichukia kazi hiyo kwa kuwa waliamriwa. Lakini huku Umatengo palikuwa na watu walioifanya kazi ya namna hiyo tangu zamani za babu zao, pasipo bwana shamba kuwasimamia. Kisa chake ni hiki: wao wenyewe walikuwa wameiona njaa mlangoni, nao wakatafuta dawa yake.

Sasa swali: Maarifa hayo yalihifadhiwaje, iwapo hapakuwa na kitabu? Hapo twafika kwenye desturi ya pili, nayo ni sengu. Zamani jamaa wa ukoo mmoja walikaa pamoja juu ya sehemu moja ya mlima, iliyo kati ya kijito na kijito. Sehemu hiyo Wamatengo huiita ntambo. Humo alikuwamo mzee wa ukoo, pamoja na wanawe na wajukuu zake. Chakula kikiiva, kila mama alituma sehemu yake mahali pa mzee, na wanaume na vijana wakala pamoja. Hiyo ndiyo sengu. Mwenye kingi alileta kingi, mwenye kichache alileta kichache, wala mgeni hakuulizwa kwake ni wapi. Wakiisha kula, walizungumza. Hapo ndipo palipoamuliwa ugomvi wa mipaka, palipopangwa zamu za kazi, palipoonywa kijana mvivu mbele ya wenzake, na palipotolewa hadithi za vita na za mapango. Basi sengu ilikuwa meza, na baraza, na shule, vyote kwa pamoja.

Tena ngolo si kazi ya mtu mmoja. Majani hayana budi kupangwa na kufukiwa kwa wakati wake, kabla mvua hazijaisha. Kwa hiyo watu walisaidiana kwa kazi ya ushirika iitwayo ngokela. Mwenye shamba huandaa pombe na chakula, majirani huja na majembe yao, kazi ya siku nyingi ikaisha kwa siku moja. Na kesho zamu ni ya mwingine. Kwa mtu apitaye njiani, ile pombe na zile nyimbo ni karamu tu. Lakini anayeelewa huona ya kuwa furaha ile ndiyo mshahara, na ndiyo hati ya deni pia: mtu aliyekunywa kwako leo hawezi kukataa kukulimia, wala wewe huwezi kukataa kumlimia yeye. Ndivyo kazi na mchezo vilivyofungwa pamoja.

Tumetaja mchezo; basi sasa tushuke pwani, maana ngoma iliyopendwa sana katika nchi hizi ilitoka upande wa ziwa, nayo ilizaliwa na taabu nyingine kubwa, yaani vita vya wageni.

Livingstone alifika katika Ziwa Nyasa mwaka 1859. Baada yake wakaja wamisionari wa Kiingereza, wakafanya makao yao katika kisiwa cha Likoma, na mwaka 1901 meli yao iitwayo Chauncy Maples ilianza kuelea majini. Meli hiyo ilipewa jina la askofu aliyezama katika ziwa hilo mwaka 1895, nayo ilikuwa kanisa na shule yenye kutembea. Wajerumani nao walishika pwani ya mashariki. Liuli wakapaita Sphinxhafen, kwa sababu ya jiwe kubwa lililo bandarini, ambalo kwa umbo lake liliwakumbusha ile sanamu ya Misri yenye mwili wa simba na kichwa cha mtu. Hapo walikuwa na meli yao Hermann von Wissmann, iliyoletwa ziwani katika miaka ya 1890.

Tarehe 13 Agosti 1914 meli hiyo ilikuwa imepandishwa nchi kavu ili itengenezwe. Nahodha wake, Kapteni Berndt, hakuwa na habari ya kuwa huko Ulaya vita vimekwisha anza. Mara ikatokea meli ya Waingereza, Gwendolen, chini ya Kamanda Rhoades, mtu aliyejuana naye vizuri. Ikaipiga mizinga ile meli ya Wajerumani ilipokuwa juu ya ardhi, ikaiharibu. Hivyo vita vikuu vya dunia viliingia katika kijiji cha wavuvi pasipo hodi. Miaka minne iliyofuata, watu wengi mno wa Afrika ya Mashariki walichukuliwa kuwa askari na wapagazi, na wapagazi wengi walikufa kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi.

Waliorudi walirudi na nini? Walirudi na makovu, na habari za nchi za mbali. Na pamoja na hayo walirudi na mwendo. Walikuwa wamejifunza kwata: kusimama mstari mmoja, kugeuka kwa neno moja, kupiga hatua kwa baragumu na ngoma. Huko Lamu na Mombasa, tangu miaka ya 1890, vijana walikuwa wamekwisha anza ngoma iitwayo Beni, wakiiga bendi za Wazungu. Vita viliichukua Beni mpaka bara, na mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya safari zake, kilichotoka mwaka 1975. Katika pwani za Ziwa Nyasa ngoma za namna hiyo ziliitwa malipenga au mganda.

Tuieleze mganda kwa wale wasioijua. Wachezaji ni wanaume. Husimama safu kwa safu, wamevaa sare, mara nyingi kaptura na shati jeupe na soksi ndefu. Ngoma kubwa hutoa sauti nzito ya mwendo, na mikononi mwao hushika vibuyu vilivyotobolewa tundu, na juu ya tundu hubandikwa utando mwembamba, kama ule wa buibui. Mtu akiimba ndani ya kibuyu, sauti hutoka kwa mlio wa tarumbeta. Hawakuwa na fedha ya kununua tarumbeta za shaba za kikosi. Basi walizilima bustanini! Hatua zao ni za askari, lakini magoti hulegea na mabega hucheza, hata kwata ikawa ngoma. Kundi lina vyeo vyake, wakubwa na wadogo, vilivyoigwa kwa jeshi na serikali, na mtu akivunja amri hutozwa faini. Wanawake nao wana ngoma yao, kioda, yenye sare, ngoma na nyimbo za kufurahisha, na nyingine za kukemea; maana jambo lisilosemeka barazani huweza kuimbwa kioda, na mwenye kosa akajitambua mwenyewe.

Wako waliocheka wakisema, "Hawa wanamwiga mkoloni." Sisi hatuoni hivyo. Tazameni walilofanya. Walichukua kitu kilichowatesa, yaani amri ya jeshi, wakakiondolea bunduki. Katika jeshi mtu wa Liuli hakuweza kuwa mkubwa. Katika mganda cheo cha juu kilikuwa chake. Katika jeshi safu ilipangwa ili kuua watu. Katika mganda safu ilipangwa ili kijiji kimoja kishindane na kijiji cha pili kwa uzuri. Wakati wa kiangazi, mavuno yakiwa ghalani, kundi lilikwenda kucheza kijiji cha wenzao, na wenyeji iliwapasa kuwalaza na kuwalisha wageni wote. Mwaka uliofuata deni lililipwa. Hiyo si nyingine illa ile ile kawaida ya sengu na ya ngokela, imevaa soksi ndefu. Kwa hiyo si ajabu ya kuwa mganda ulipanda mlimani, Wamatengo wakaupokea ukawa wao kabisa, na mashindano yake yakawa sikukuu kubwa ya kiangazi.

Hapo mlimani mganda ulikutana na kitu kingine kigeni, nacho ni kahawa. Zao hili lilianza kupandwa Umatengo katika miaka ya 1920, na katika miaka ya 1930 wakulima wa Ungoni na Umatengo walipata chama chao cha ushirika. Kabla ya hapo, aliyetaka fedha ya kodi hakuwa na njia nyingi, na vijana wengi wa wilaya ya Songea walikwenda mbali mpaka mashamba ya mkonge ya Tanga. Kahawa ilimpa Mmatengo fedha akiwa nyumbani kwake. Ikalipa kodi, ikaezeka nyumba kwa mabati, ikasomesha watoto, ikanunua sare za mganda na chakula cha wageni wa ngoma.

Lakini kila mgeni huja na mzigo wake. Mahindi na maharage huliwa; kahawa huuzwa, na fedha yake huingia katika mfuko wa mtu mmoja. Palipokuwa na ghala ya ukoo, pakawa na daftari ya kila mtu na jina lake. Watu waliongezeka, mashamba ya ntambo hayakuwatosha, na vijana wakahamia mabonde na vilima vya mbali kutafuta ardhi mpya. Pole pole kila nyumba ikaanza kula kwake, na sengu ya zamani ikaisha pasipo mtu kuifuta. Tena mwaka 1989 mapatano ya mataifa yaliyotegemeza bei ya kahawa yalivunjika, bei ikaanguka duniani kote, na katika miaka ya 1990 biashara ya kahawa katika Tanzania ilifunguliwa kwa wafanya biashara binafsi. Mkulima wa Mbinga aliona mbolea imepanda bei na kahawa imeshuka. Sare hazikushonwa, wageni hawakualikwa, kwa kuwa hapakuwa na cha kuwalisha, na ngoma nyingi zikanyamaza. Hapo twaona ya kuwa mchezo wa watu si povu lielealo juu ya maisha yao. Bei ya kahawa ikianguka katika masoko ya London na New York, ngoma hunyamaza katika kijiji cha Umatengo.

Je, habari yetu iishie hapo, kwa maombolezo? Hapana. Mwaka 1972 mwenyeji mmoja, Egno Ndunguru, alikuwa amekwisha chapisha kitabu cha Historia, Mila na Desturi za Wamatengo, ili wajukuu wapate kusoma yale ambayo babu zao waliyasikia kwenye sengu. Tena katika miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, pamoja na wenzao wa Japani, walikuja kujifunza ngolo na maisha ya vijiji. Katika kijiji cha Kindimba palijengwa kinu cha kusaga nafaka kwa nguvu ya maji ya kijito. Kilipohitaji kusimamiwa, wanakijiji waliunda kamati, na jina waliloipa ni sengu. Haikuwa tena mlo wa ukoo mmoja chini ya mzee mmoja. Ilikuwa baraza la watu wa koo mbalimbali kwa ajili ya kinu, miti na miche. Walakini hawakuazima jina la kigeni. Walilitwaa lile ambalo kila mtu alijua maana yake: kukaa pamoja, kila mmoja ameleta chake, na kuamua.

Basi tuyakusanye mafundisho. Ngolo ilizaliwa na hofu ya Wangoni na mteremko wa mlima. Mganda ulizaliwa na vita vya Wazungu. Sengu ya Kindimba ilizaliwa na haja ya kusaga unga. Hakuna hata moja iliyoshuka kutoka mbinguni ikiwa tayari, na hakuna iliyodumu kwa sababu ya kusifiwa tu. Zilidumu pale zilipowafaa watu, na zilipoacha kuwafaa zikafa, au zikavaa nguo mpya. Anayesema desturi zote za zamani ni ujinga, na apande mlima wa Umatengo baada ya mvua kubwa, akatazame maji yaliyotulia katika yale mashimo, na udongo uliobaki mahali pake. Na anayesema desturi haifai kubadilika hata kidogo, na akumbuke ya kuwa babu zake mwenyewe walibadilika sana, ama sivyo wangalikufa mapangoni.

Kwa ninyi wanafunzi tuna kazi ya kuwapa. Chagueni desturi moja ya kijiji chenu, iwe ya shamba, ya chakula, ya ngoma au ya msiba. Mwendeeni mzee, mwamkieni kwa adabu, mkamwulize maneno matatu: Ilianza lini? Iliondoa taabu gani? Na taabu hiyo ingaliko? Yaandikeni majibu katika daftari, pamoja na tarehe, maana wazee hawatungojei. Kama taabu ingaliko, mtakuwa mmejua kwa nini desturi hiyo yapaswa kushikwa kwa nguvu. Na kama taabu imekwisha, lakini nyingine imekuja mahali pake, basi zamu ya kuanzisha desturi imewafikia ninyi.